Saladi nne za Kithai kwa siku za joto: yam thale, phla kung, yam wun sen au som tam?

Februari moja nilialika watu wanane chakula cha mchana hapa Dar es Salaam, nikawaambia saa saba. Ndiyo kwanza nilikuwa nimejifunza yam thale, saladi ya Kithai ya ngisi na kamba, na nilijiona nimeiva. Saa saba kasoro dakika kumi bakuli lilikuwa mezani: ngisi weupe, kamba wekundu, tango, nyanya, majani ya giligilani juu yake. Hata picha nilipiga. Mgeni wa kwanza aliingia saa nane na nusu, wa mwisho saa tisa, kila mmoja na hadithi yake ya foleni. Nilipofunua bakuli, tango lilikuwa limetoa maji, nyanya zimelegea, giligilani imegeuka rangi ya chai, na chini kuna kidimbwi cha chumvi ambamo ngisi walikuwa wakiogelea kwa mara ya pili. Mmoja aliuliza kwa upole kama ni supu.

Tangu siku hiyo sichagui saladi ya Kithai kwa kujiuliza ipi tamu zaidi. Hizi nne ninazozilinganisha zote ni tamu, na sosi yao ni karibu ile ile. Najiuliza mawili tu: itanisimamisha kwenye moto muda gani, na je, inajua kusubiri?

Sosi kwanza, maana ndiyo inayoziunganisha

Kithai, yam ni kuchanganya, na thale ni bahari. Kwa hiyo yam thale ni mchanganyiko wa vitu vya baharini, basi. Kinachoufanya uwe wa Kithai ni sosi yenye pande nne: uchachu wa ndimu, chumvi ya nampla, utamu wa sukari na ukali wa pilipili. Mtu aliyekulia kwenye kachumbari na urojo hapati tabu kuielewa. Tofauti ni kwamba kwetu chumvi ni chumvi, kwao chumvi ni samaki.

Nampla ni maji ya samaki wadogo, jamaa wa dagaa mchele wetu, waliorundikwa na chumvi kwa mwaka mmoja na zaidi mpaka wakatoa kimiminika chekundu-kahawia. Nimeshaona wanaoiandika "mchuzi wa samaki". Ukimtuma mtu dukani kwa jina hilo atakuuliza unataka wa nazi au wa kukausha. Iite nampla tu, au sosi ya samaki, na iko kwenye maduka makubwa yanayouza vyakula vya Asia. Chupa ukiifungua mara ya kwanza utadhani imeharibika. Haijaharibika. Ikishakutana na ndimu, harufu ile inazama na kubaki ladha.

Kwa nusu kilo ya vitu vya baharini naanza na vijiko vitatu vya chakula vya maji ya ndimu, viwili vya nampla na kimoja cha sukari, kisha naonja na kuongeza. Wathai hupenda sukari ya utomvu wa mnazi au wa mvumo. Sukari guru iliyoparuzwa inakaa vizuri mahali pake, tena inatoa rangi. Twanga kwanza punje mbili za kitunguu saumu, pilipili kichaa tatu hadi tano na mizizi ya giligilani kama umeuziwa ikiwa nayo. Mizizi hiyo wengi wetu tunaikata na kuitupa, kumbe ndiyo wanayoitafuta wao. Koroga sukari kwenye ndimu mpaka iyeyuke, halafu ndiyo nampla iingie.

Pilipili iwe kichaa, si mbuzi. Pilipili mbuzi ina harufu yake kubwa, na ukiiweka utakuwa umepika chakula cha Kiswahili chenye nampla. Na ndimu ni ndimu. Limau halitoshi uchachu. Ikamue dakika za mwisho na usiiminye mpaka ganda lilie, kwa sababu mafuta ya ganda ni machungu, na maji yenyewe yakikaa saa kadhaa hupoteza ule ukali mpya na kuanza kuwa machungu pia.

Nampla ikikosekana kabisa, tumia chumvi na uduvi uliokaangwa bila mafuta ukasagwa. Haitakuwa kitu kile kile, lakini itakuwa na bahari ndani yake.

Zisizosubiri: yam thale na phla kung

Hizi mbili ni kwa siku ambayo walaji wameshakaa. Zote zinatoka jikoni haraka na zote zinaharibika haraka, ila kwa namna tofauti.

Yam thale inataka moto mkali kwa muda mfupi. Maji yachemke kwelikweli, tena yawe mengi. Ngisi waliokatwa pete za unene wa kidole wanaingia kwa dakika moja, hawaongezewi. Ngisi ana milango miwili tu: ama dakika moja au mbili, ama nusu saa na zaidi mpaka alainike upya. Katikati ya hapo ni mpira wa baiskeli, na hakuna sosi inayoweza kumwokoa. Kamba wanataka dakika moja na nusu hadi mbili, kutegemea ukubwa. Akijikunja kama herufi C ameiva, akijifunga kama O umemchelewesha. Pweza naye simshauri kwa saladi hii siku ya joto, si kwa sababu hafai, bali kwa sababu ya ile karibu saa nzima ya kumchemsha. Kama umempata kwa muuza pweza akiwa ameshachemshwa asubuhi hiyo, hilo ni jambo jingine.

Wachuje vizuri, kisha wamwagie sosi wakiwa bado vuguvugu. Hapa ndipo wengi hukosea kwa kuwatia kwenye maji ya barafu kwanza. Wakilowa maji, maji hayo yanakwenda kuzimua sosi, na nyama iliyopoa kabisa hainywi ladha kama ile yenye joto kidogo. Baada ya hapo ndiyo vitunguu vyekundu vidogo, tango lililotolewa mbegu, nyanya na majani. Mbegu za tango zitoe, nakuomba. Nusu ya kidimbwi changu kilitoka huko.

Phla kung ni mdogo wake, lakini ana kiburi zaidi. Kung ni kamba. Phla ni mapishi ambamo nyama huguswa na moto tu, au isiguswe, kisha ndimu inamalizia. Kinachoitenga na yam ni wingi wa majani: mchaichai, nanaa, vitunguu vidogo, majani ya ndimu ya Kithai yaliyokatwa nyembamba kama nyuzi, na mara nyingi kijiko cha nam phrik phao, ile pilipili yao iliyochomwa na kusagwa na mafuta na sukari.

Mchaichai sisi tunaujua kwenye birika. Tunachemsha majani, tunakunywa, tunatupa. Kwenye phla unaliwa wenyewe, kwa hiyo majani hayafai hata kidogo. Utakuwa umempa mgeni nyasi. Kinachotakiwa ni shina la chini, lile jeupe lenye wekundu kidogo, lililonenepa. Vua maganda mawili matatu ya nje, kisha kata kwa kisu kikali vipande vyembamba mpaka uone mwanga kupitia kwake. Mchaichai wa uani ulio mchanga mara nyingi hauna shina la maana, kwa hiyo kabla hujaahidi watu phla, nenda kalitazame shina hilo. Majani ya ndimu ya Kithai usipoyapata, chukua majani mawili matatu machanga ya mndimu wa kawaida, toa ule uti wa katikati, kata nyembamba. Harufu yake ni ndogo lakini iko upande ule ule.

Ukiziweka hizi mbili pamoja mezani, yam thale ni ya kelele: rangi nyingi, vitu vingi, kila kijiko tofauti. Phla kung ina kitu kimoja na harufu nyingi. Kwa watu wawili usiku, joto halijaondoka na hakuna anayetaka kusema sana, nachukua phla. Kwa meza ya watu sita wenye hamu tofauti, yam thale, kwa sababu asiyekula kamba atapata ngisi.

Ila kuna sharti. Kwa phla, kamba wangu mimi huwapika mpaka wageuke rangi mpaka ndani, hata kama mpishi wa Bangkok atanicheka. Ndimu hubadilisha nyama ikawa nyeupe na ngumu, unaona kama imeiva, lakini haiui vijidudu kama moto unavyoua. Kamba aliyetoka kwenye maji, akakaa kwenye meza ya soko chini ya jua la Februari, akapanda bodaboda hadi kwako, hana haki ya kuliwa mbichi.

Zinazosubiri: yam wun sen na som tam

Kama ningezijua hizi mbili siku ile, nisingeulizwa habari ya supu.

Wun sen ni tambi nyembamba za wanga wa choroko. Zikiwa kavu ni nyeupe na ngumu kama uzi wa nailoni. Zikilowa na kupita kwenye maji ya moto zinakuwa kama kioo, unaona sahani ng'ambo yake. Ziloweke kwenye maji ya kawaida dakika kumi hadi kumi na tano, zikate kwa mkasi (usipozikata, mgeni atavuta uzi mmoja na bakuli zima litamfuata), kisha zichemshe dakika moja au mbili. Kwao, yam wun sen ya kawaida huwa na nyama ya nguruwe ya kusaga pamoja na kamba. Hapa kwetu kwa wengi hilo halipiti, na si lazima. Kuku wa kusaga anakaa vizuri, au acha nyama kabisa uongeze kamba na uduvi.

Uzuri wa tambi hizi ni kwamba zinakunywa. Sosi ambayo kwenye yam thale ingekuwa dimbwi, hapa inaingia ndani ya tambi na kubaki humo. Ikikaa nusu saa inakuwa bora kuliko ilivyotoka jikoni. Hatari yake ni kinyume cha ile ya kwanza: inakauka. Kwa hiyo tengeneza sosi mara moja na nusu ya kawaida, theluthi iache kwenye kikombe, uimwage wageni wakifika. Usiiweke kwenye friji usiku kucha ukitegemea kesho. Wanga ukipoa sana unakakamaa, na tambi zinarudi kuwa nyeupe na kukatika-katika.

Uzuri wa pili ni mfukoni. Kamba robo kilo, ambao kwenye phla wangetosha watu wawili na kuacha minong'ono, kwenye yam wun sen wanalisha sita. Na ndiyo pekee kati ya hizi nne inayoweza kumnyamazisha yule jamaa ambaye baada ya saladi yoyote hugeuka jikoni na kuuliza, "Haya, chakula sasa?"

Som tam haihitaji moto hata kidogo, ukitaka. Som ni uchachu, tam ni kutwanga. Ni papai bichi lililokatwa nyuzi nyuzi na kugongwa kinuni na pilipili, saumu, ndimu, nampla, sukari, karanga, nyanya, maharage mabichi marefu na kamba wadogo wakavu. Ni chakula cha Laos na cha Isan, kaskazini mashariki ya Thailand, kilichoteremka hadi Bangkok na kutawala barabara zake. Jambo linalonifurahisha ni kwamba papai na pilipili vyote viwili vilitoka Amerika, vikavuka bahari, vikafika kwao na vikafika kwetu. Wao wakavitwanga pamoja. Sisi tukasubiri papai liive.

Papai liwe bichi kabisa, gumu, lenye utomvu mweupe ukilikwaruza, ndani jeupe na si la manjano. Menya, osha utomvu, kisha Wathai wenyewe hulishika mkononi, wanalikatakata kwa kisu kwa urefu, halafu wanaparua juu juu ili nyuzi zianguke. Wenye kupenda vidole vyao watumie kikwaruzio cha karoti. Nyuzi hizo zitie kwenye maji yenye barafu. Zinaweza kukaa hapo saa nzima na zaidi, zikizidi kuwa ngumu na kulia mdomoni. Hapo ndipo subira ya som tam ilipo. Yenyewe ikishachanganywa haisubiri, lakini vipande vyake vinasubiri bila kulalamika, na kazi iliyobaki ni dakika tatu.

Katika kinu, kugonga kwake si kule kwa kutwanga kisamvu. Mkono mmoja una mchi, mwingine una kijiko kinachogeuza kutoka chini. Mchi unaponda bila kusaga, papai linachubuka na kunywa sosi lakini linabaki nyuzi. Pilipili na saumu kwanza, kisha sukari na karanga, kisha maharage na nyanya, papai mwisho. Ukitaka iwe saladi ya baharini hasa, mimina juu kamba na ngisi waliochemshwa kama kwenye yam thale. Wanaiita tam thale ikiwa hivyo. Wale kamba wadogo wakavu, kwetu ni uduvi. Uoshe mchanga, ukaushe kwenye kikaango, utie. Kati ya vitu vyote vya Kithai nilivyowahi kubadilishia cha kwetu, hiki ndicho ambacho hakikupoteza kitu.

Mjamzito akiwa mezani, som tam iache. Wajawazito hushauriwa kuepuka papai bichi. Embe bichi linachukua nafasi yake vizuri, na kwa kweli Wathai wana saladi yao ya embe, yam mamuang. Sisi embe bichi tunalila na chumvi na pilipili nje ya geti la shule tangu utotoni, kwa hiyo nusu ya safari tulishaimaliza. Punguza tu ndimu, embe lina uchachu wake.

Kati ya hizi mbili, kama kuna watoto chukua yam wun sen. Sababu ni ya kiufundi: kwenye tambi pilipili unaweza kuitwanga kando na kuitia mwisho, kwa hiyo unawatolea watoto bakuli lao kabla. Kwenye som tam pilipili ndiyo ya kwanza kinuni, na kinu hakina siri. Hata ukikiosha, kitakachotwangwa baadaye kitawasha.

Sokoni na mezani

Ukinunua Feri, soko la samaki la hapa Dar, nenda asubuhi na uende na barafu yako kwenye ndoo yenye mfuniko. Kamba atazamwe kichwa: kikianza kuwa cheusi au kulegea shingoni, siku zake zimepita. Ngisi awe anang'aa na ngozi yake ya madoadoa haijageuka waridi. Pua ndiyo hakimu wa mwisho. Harufu ya bahari sawa, harufu ya choo hapana, hata muuzaji akupunguzie nusu bei. Kwa yam thale na phla, ambazo samaki ndiye saladi, usijadiliane na hili. Kwa som tam yenye uduvi tu unaweza hata usiende Feri, na siku nyingine hiyo ndiyo sababu tosha ya kuichagua. Papai nalo, mara nyingi, ni la jirani.

Na lile la supu lilikuwa dogo. Kosa langu kubwa siku ile lilikuwa kuwalisha watu kamba waliokaa mezani saa mbili. Chakula cha baharini kilichopikwa hakitakiwi kukaa nje zaidi ya saa mbili siku ya kawaida, na joto likipita nyuzi 32, saa moja tu. Februari hapa nyuzi 32 ni jambo la kila siku. Hilo linahusu hata yam wun sen inayosubiri: tambi zina subira, kamba waliomo hawana. Ninachofanya ni kuziacha tambi na sosi yake mezani, kamba waliopikwa wakae kwenye friji ndani ya chombo kilichofunikwa, wakutane dakika ya mwisho. Wanapoteza kidogo ule uvuguvugu. Nimeridhika.

Mezani, som tam huliwa na wali wa kunata, na yam na phla huliwa kama moja ya sahani kadhaa pamoja na wali mweupe. Wali uwe mweupe kweli, bila nazi. Nazi inaifunika ndimu, na ndimu ndiyo uliyohangaikia.

Wale wanane nimewaalika tena Jumamosi ijayo, saa saba. Tambi nitaziloweka saa sita na nusu, papai litakuwa kwenye barafu, kamba kwenye friji. Ndimu zitabaki nzima mezani, kisu pembeni, mpaka nisikie geti linafunguliwa.